Usiku wa Kukataa, Asubuhi ya Kulazimisha: Kisa cha Kadesh-barnea

Kutoka Horebu, yaani Sinai, hadi Kadesh-barnea, ukishika njia ya mlima Seiri, ni mwendo wa siku 11. Kumbukumbu la Torati 1:2 inasema hivyo kwa mkato, na aya inayofuata tayari iko kwenye mwaka wa 40. Katikati ya aya hizo mbili kuna kizazi kizima kilichozikwa jangwani. Kilizikwaje, na kwa kosa gani hasa, ndiyo habari ya Hesabu 13 na 14. Nataka kuichambua peke yake, bila kuichanganya na kware, Kora wala nyoka wa moto. Maasi yalikuwa mengi safarini, lakini hata baada ya ndama wa dhahabu msafara uliendelea kuelekea Kanaani. Baada ya Kadeshi uligeuzwa nyuma.

Wataalamu wengi wanaiweka Kadeshi kwenye bonde la Ain el-Qudeirat, kaskazini mashariki mwa rasi ya Sinai, penye chemchemi kubwa ya maji. Hesabu 34 inapochora mipaka ya nchi ya ahadi, Kadeshi imo kwenye mpaka wa kusini. Kwa hiyo watu hawa hawakuasi wakiwa wamepotea, wala kwa sababu ya kiu. Waliasi wakiwa mlangoni, maji wanayo, mana inaanguka kila asubuhi.

Walikuwa wameondoka Sinai siku ya 20 ya mwezi wa 2, mwaka wa 2 tangu watoke Misri. Kabla ya kuondoka walihesabiwa: wanaume 603,550 wa kuanzia miaka 20, wote wa kwenda vitani, Walawi hawamo. Wanazuoni wanabishana sana juu ya ukubwa wa namba hiyo na sitaingia katika ubishi huo. Naitaja kwa sababu orodha hiyo itarudi baadaye kwa namna isiyopendeza.

Njiani mambo hayakuwa shwari. Tabera walinung'unika, moto ukawaka pembeni mwa kambi. Kibroth-hataava walililia nyama, wakakumbuka samaki na matango ya Misri kana kwamba walikuwa wageni waalikwa kule na si watumwa. Hazerothi, Miriamu na Haruni walimsema ndugu yao Musa, Miriamu akapigwa ukoma na kambi nzima ikamsubiri siku 7. Watu walifika jangwa la Parani wakiwa wamechoka, na uongozi wenyewe ulikuwa umetoka kwenye ugomvi wa kifamilia. Haiwapi udhuru, ila inaeleza ni kwa nini neno moja baya liliwaka haraka vile.

Kazi waliyopewa wapelelezi 12

Nani alitaka wapelelezi? Hesabu 13 inasema Bwana alimwagiza Musa awatume. Katika Kumbukumbu 1 Musa anawakumbusha watu kwamba wao ndio waliomwendea wakitaka watu watangulie, naye akaona ni shauri jema. Naona masimulizi haya yanakaa pamoja bila taabu: watu waliomba, Musa akakubali, Mungu akaruhusu na kuweka utaratibu. Vyovyote iwavyo, kupeleleza hakukuwa dhambi. Imani haikumkataza mtu kufumbua macho.

Musa aliwapa maswali ya wazi. Watu wa kule ni hodari au dhaifu, wachache au wengi? Nchi ni njema au mbaya? Miji ni ya kambi au ina ngome? Udongo una rutuba au umechoka? Kuna miti au hakuna? Mwisho akawaambia wapige moyo konde, walete na matunda, maana ulikuwa msimu wa zabibu za kwanza kuiva.

Ukiyapitia maswali hayo, utaona yote yanajibika kwa macho. Swali moja halimo: "Je, tutaweza?" Musa hakuwatuma wakalitafutie jibu hilo, kwa sababu ahadi ya nchi ilikuwa imeshatolewa na aliyeitoa hakuomba ushauri. Ni kama fundi uliyemtuma akapime kiwanja, naye akarudi na vipimo sahihi kabisa, kisha akakuambia mbele ya familia yako kwamba wewe huna uwezo wa kujenga.

Walizunguka siku 40, kutoka jangwa la Sini kusini mpaka Rehobu, kuelekea Hamathi kaskazini. Walipita Hebroni, mji ambao mwandishi anasema ulijengwa miaka 7 kabla ya Soani ya Misri, na huko wakawaona Ahimani, Sheshai na Talmai, wana wa Anaki, ukoo wa watu warefu kupita kawaida. Yashike majina hayo matatu. Katika bonde la Eshkoli wakakata tawi lenye kichala kimoja cha zabibu, wakalichukua watu wawili kwa mti mabegani, pamoja na makomamanga na tini.

Taarifa ya kwanza na ya pili

Wahubiri wetu wengi husema wale wapelelezi 10 kati ya 12, waliowavunja watu moyo, walidanganya. Ukisoma taarifa yao ya kwanza, hawakudanganya hata kidogo. Walisimama mbele ya Musa, Haruni na mkutano wote, wakaonyesha matunda, wakasema nchi ni kweli imejaa maziwa na asali. Halafu likaja neno "lakini": watu ni hodari, miji ina maboma makubwa, wana wa Anaki tumewaona, Waamaleki wako Negebu, Wahiti, Wayebusi na Waamori wako milimani, Wakanaani wako pwani na kando ya Yordani. Yote ni kweli. Kalebu mwenyewe, mmoja wa wale wawili waliotofautiana nao, miaka 45 baadaye alikiri mbele ya Yoshua kwamba Waanaki walikuwako na miji yao ilikuwa mikubwa yenye maboma. Hakuwahi kupinga jambo hata moja waliloliona.

Tofauti ilijitokeza Kalebu alipowanyamazisha watu na kusema wapande mara moja, kwa maana wanaweza. Hapo ndipo wale 10 walipobadilisha maneno. Nchi iliyokuwa ya maziwa na asali sasa ikawa nchi inayowala watu wake. Wana wa Anaki, ambao walikuwa watu wa Hebroni wenye majina yanayojulikana, wakageuka kuwa watu *wote* wa nchi, warefu wote, na juu yake wakaongezwa Wanefili, majitu ya kale. Kutia chumvi kulianza baada ya kupingwa. Wala hawakujali kama maneno yao yanagongana: nchi inayokula watu wake imewezaje kujaa majitu yenye afya namna ile?

Kisha wakafikia sentensi inayofichua kilichomo ndani yao: "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi." Nusu ya kwanza siwezi kubishana nayo, maana mtu anajua anavyojiona. Ya pili waliijuaje? Hakuna mahali panaposemwa waliongea na mtu yeyote wa Kanaani. Aliyekuja kusema walivyoonwa ni Rahabu wa Yeriko, katika Yoshua 2, na kwake habari inaanzia Bahari ya Shamu, tukio lililotangulia Kadeshi: tulisikia, mioyo yetu ikayeyuka. Mapanzi walikuwa wanaogopwa.

Kwa hiyo wote 12 waliona kitu kile kile. Wale 10 walipima urefu wa Waanaki kwa urefu wao wenyewe, Mungu wakamwacha nje ya hesabu. Kalebu na Yoshua walimpima Mwanaki huyo huyo mbele ya Mungu aliyekuwa ameiangusha Misri, wakasema "wao ni chakula kwetu". Hiyo ndiyo tofauti nzima. Hawakuwa na habari za siri wala ndoto ya usiku.

Jambo dogo la kiutendaji nalo lisipite. Miaka mingi baadaye Yoshua alituma wapelelezi Yeriko: wawili tu, kwa siri, na waliporudi walimletea yeye taarifa, si mkutano. Alikuwa mmoja wa wale 12. Sidhani ilikuwa bahati nasibu.

Usiku ule

Mkutano wote ukapaza sauti, ukalia usiku kucha. Mapokeo ya Kiyahudi, katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, yanaiweka hukumu ya kutoingia nchini kwenye tarehe 9 ya mwezi wa Avu, siku ile ile wanayoomboleza kuangushwa kwa Hekalu la kwanza na la pili.

Walilia nini? Laiti tungalikufa Misri. Laiti tungalikufa jangwani humu. Kwa nini Bwana anatuleta tuanguke kwa upanga, wake zetu na watoto wetu wawe mateka? Kumbukumbu 1:27 inaongeza walichokuwa wakinong'ona hemani: Bwana ametutoa Misri kwa sababu anatuchukia. Kwangu hapo ndipo uasi ulipokamilika. Kuogopa majitu ni jambo la kibinadamu, na hakuna aliyepigwa kwa kuogopa tu. Lakini kuuchukua wokovu wenyewe, damu ya Pasaka, bahari iliyopasuka, mana, na kuuita chuki, huko ni kuyageuza mema yote kuwa ushahidi wa ubaya. Moyo ukishafika hapo, muujiza mwingine hausaidii, maana nao utasomwa vile vile.

Ndipo wakasema waweke akida wawarudishe Misri. Nehemia 9 inalikumbuka hilo kama jambo walilokwisha kuliamua. Wangerudi vipi? Mana ilikuwa ya Mungu, wingu na nguzo ya moto vilikuwa vya Mungu, bahari hawakuivuka kwa mashua. Hofu iliyowapimia Waanaki urefu haikupima njia ya kurudi hata kwa maswali mawili.

Yoshua na Kalebu wakararua mavazi yao, wakasihi. Jibu lilikuwa kutaka kuwapiga mawe.

Wasomaji Waislamu wanakijua kisa hiki kutoka Surat al-Maida, aya ya 20 hadi 26. Musa anawaambia watu wake waingie ardhi takatifu, wao wanasema humo mna majabari na hawaingii mpaka hao watoke. Wanaume wawili wamchao Mungu wanawaambia waingie mlangoni tu, wakiingia watashinda. Jibu lao: nenda wewe na Mola wako mkapigane, sisi tunakaa hapa hapa. Kisha miaka 40 ya kutangatanga. Hadithi zinasimulia kwamba wakati wa vita vya Badri, sahaba al-Miqdad alimwambia Mtume Muhammad kuwa wao hawatasema kama walivyosema watu wa Musa. Yaani Kadeshi ilikwisha kuwa kipimo ambacho jumuiya nyingine kabisa ilijipima nacho.

Kusamehewa na kutoingia

Mungu akamwambia Musa atawapiga watu hawa kwa tauni na kumfanya yeye taifa kubwa kuliko wao. Ni mara ya pili Musa kupewa nafasi hiyo. Ya kwanza ilikuwa wakati wa ndama. Mara zote mbili aliikataa. Angalia na alivyojenga hoja. Hakusema watu si wabaya kiasi hicho, wala hakuomba kwa ajili ya wema wao. Alisema Wamisri watasikia, na mataifa yatasema Bwana alishindwa kuwafikisha. Halafu akarudisha maneno ya Mungu mwenyewe kutoka Sinai: si mwepesi wa hasira, ni mwingi wa rehema, husamehe uovu, wala hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia.

Jibu likaja na sehemu mbili, na wengi wetu tunapenda kusoma moja tu. Nimewasamehe, kama ulivyoomba. Na, watu waliouona utukufu wangu wakanijaribu "mara hizi kumi" hawataiona nchi.

Msamaha ulikuwa wa kweli. Taifa halikufutwa. Mana haikukatika mpaka siku walipokula mazao ya Kanaani. Sura ya 15, inayokuja mara tu baada ya maafa haya yote, inaanza na agizo la mambo ya kufanya watakapokuwa wameingia nchini, na humo mna vipimo vya divai ya sadaka. Divai! Watu wamehukumiwa kufia mchangani, na sheria inayofuata inahitaji mashamba ya mizabibu. Aliyeandika sheria hiyo hakuwa na shaka kwamba watoto wao watazila zabibu za Eshkoli.

Lakini matokeo nayo yalibaki, na yalikatwa kwa kipimo cha vinywa vyao. Walisema laiti tungalikufa jangwani. Wakaambiwa itakuwa kama mlivyonena masikioni mwangu. Walisema watoto watakuwa mateka. Wakaambiwa hao watoto ndio watakaoingia. Siku 40 za kupeleleza, miaka 40, mwaka kwa siku. Na wa kufa ni wale waliohesabiwa, kuanzia miaka 20. Orodha ya jeshi iliyoandikwa Sinai ikageuka kuwa orodha ya makaburi. Wale wapelelezi 10 walikufa kwa tauni papo hapo.

Kumbukumbu 2:14 inasema kutoka Kadesh-barnea hadi kuvuka kijito cha Zeredi ilikuwa miaka 38. Ukizichukua namba za sensa kama zilivyo, ni wastani wa vifo zaidi ya 40 kila siku, kwa miaka 38. Biblia haisimulii miaka hiyo. Inatupa matukio machache, kisha tunajikuta Miriamu anazikwa, Kadeshi tena.

Asubuhi yake

Sasa nafika mahali ambapo mahubiri mengi huwa yameshafunga Biblia. Waliposikia hukumu, watu waliomboleza sana. Wakaamka alfajiri, wakapanda kuelekea kilele cha mlima, wakisema: tuko tayari, tutapanda mpaka mahali Bwana alipoahidi, maana tumefanya dhambi.

Ukiyasikia maneno hayo bila kujua siku, utadhani ni uamsho. Ungamo lipo, ahadi ya Mungu imetajwa, bidii ipo, tena ya alfajiri. Tatizo ni kwamba amri ya jana ilikuwa: kesho geukeni, mwende jangwani kwa njia ya Bahari ya Shamu. Musa akawaonya wasipande, Bwana hayumo kati yao. Wakapanda kwa ukaidi. Sanduku la agano halikutoka kambini, wala Musa. Waamaleki na Wakanaani wakashuka wakawapiga mpaka Horma; Kumbukumbu inasema walifukuzwa kama nyuki wafanyavyo. Wakarudi wakalia mbele za Bwana, asisikilize.

Naona usiku na asubuhi hiyo kuwa uasi mmoja. Jioni waliambiwa nendeni, wakakataa kwa woga. Asubuhi waliambiwa msiende, wakaenda kwa ujasiri. Katika hali zote mbili neno la Mungu lilikuwa upande mmoja na wao upande mwingine, na waliyemtegemea hakubadilika: jioni walijiangalia wakaona hawawezi, asubuhi wakajiangalia wakaona wanaweza. Ndiyo maana Waebrania 3:19 inapotaja kilichowazuia, haisemi woga wala majitu. Inasema kutokuamini.

Toba yao iliwataja kuwa wakosaji lakini ikakataa kupokea matokeo. Walitaka kuifuta jana kwa kufanya leo kile ambacho muda wake umepita. Mtu anaweza kupoteza ndoa, kazi au huduma namna hiyo, kisha akaibeba ile ile kwa nguvu na kuiita imani, na waliomzunguka wakapiga makofi. Utii wa siku ile ulikuwa mgumu kuliko vita: kukunja hema kimya kimya na kurudi nyuma na watoto, ukijua hutaivuka Yordani, na kuwalea hao watoto waje waivuke.

Jina Horma linatokea tena katika Hesabu 21, karibu na mwisho wa ile miaka. Mfalme wa Aradi, Mkanaani, anawashambulia Israeli na kuchukua mateka. Safari hii watu kwanza wanamwekea Bwana nadhiri, anawasikia, wanashinda, na mahali pale panaitwa Horma.

Waliobeba mzigo usio wao

Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotumwa. Hakuasi, na bado alizunguka jangwani miaka yote ile pamoja na waliotaka kumpiga mawe. Yoshua vile vile. Sijui kama tunalitafakari hilo ipasavyo tunapowataja kama mashujaa wa imani. Walizika marika yao mmoja mmoja, wakakesha kwenye misiba ya watu ambao kutoamini kwao ndiko kulikowachelewesha. Na Biblia haituletei neno hata moja la Kalebu kuwalaumu wenzake katika miaka hiyo.

Katika sensa ya pili, kwenye uwanda wa Moabu, walipatikana 601,730. Taifa lilibaki karibu na idadi ile ile, ila watu walikuwa wengine. Mara baada ya sensa hiyo mabinti watano wa Selofehadi walimwendea Musa kudai urithi wa baba yao, aliyefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Walidai shamba katika nchi ambayo hakuna mtu wa kabila lao aliyekuwa bado amelima hata tuta moja ng'ambo ya Yordani. Sioni mfano bora wa kizazi kipya katika kitabu chote cha Hesabu.

Kalebu naye alidai chake. Akiwa na miaka 85 alimfuata Yoshua Gilgali, akasema ana nguvu zile zile za siku aliyotumwa na Musa, akaomba apewe mlima. Hakuchagua bonde lenye malisho. Aliomba Hebroni, ngome ya Waanaki, mji uliowavunja moyo wale 10. Yoshua 15:14 inaandika aliowafukuza: Sheshai, Ahimani na Talmai.

Baadaye, makabila yalipowatolea Walawi miji ya kukaa, Hebroni ilipewa wana wa Haruni pamoja na malisho yake, ikawa mji wa makimbilio. Kalebu akabaki na mashamba na vijiji vyake.